Gari la Shukrani

Ilikuwako nchi, na ikiwa bado ipo basi ipo mbali sana na kwenu, kwa hiyo acheni kutazamana. Jina lake Shwarini. Huko hakuna matatizo. Wazee wanasema zamani yalikuwepo, lakini serikali iliyapiga marufuku, na kwa kuwa raia wa Shwarini ni watu watiifu, wakaacha kuyaona. Barabara ikiwa na shimo, shimo huitwa akiba ya maji. Umeme ukikatika, kesho yake redio ya taifa huwapongeza wananchi kwa kupumzisha macho.

Tatizo moja tu, samahani, jambo moja tu liliisumbua serikali, nalo ni waandishi wa habari. Si kwamba walikuwa watu wabaya, hasha. Walichelewa. Habari ilipotoka gazetini, mji mzima ulikuwa umeshaijua, na serikali ikawa ya mwisho kuisikia, kama mume. Wakubwa wakakaa, wakanywa chai, wakaona hii si heshima. Ndipo ikaundwa Idara ya Habari Ambazo Bado, kazi yake kuzijua habari kabla hazijawa habari. Juu yake akawekwa Mheshimiwa Lukindo Kapungu, mtu aliyependa picha yake kuliko alivyopenda chakula, na chakula alikipenda sana.

Idara ikaanzisha Tuzo ya Taifa ya Kunadi Miradi ya Habari. Kila mwaka wanafunzi wa chuo kikuu husimama jukwaani mbele ya jopo na kunadi: habari gani wanataka kuichunguza, wataichunguzia wapi, nani atawasimulia. Jopo husikiliza, hupiga makofi, hutoa alama, cheti, na mwavuli wenye nembo ya taifa. Kisha basi. Uchunguzi wenyewe haufanyiki. Nani ajisumbue, na tuzo imeshatolewa? Hivyo Shwarini ikawa nchi yenye miradi bora ya habari kuliko majirani zake wote, na haina habari hata moja.

Kulikuwa na kanuni pia. Mheshimiwa Kapungu aliiandika kwa mkono wake na kuisoma redioni kwa sauti ya kutetemeka: "Shahidi yeyote atakayetajwa mbele ya jopo atashukuriwa na taifa siku hiyo hiyo. Shahidi hana haki ya kukataa shukrani. Akisema hajui lolote, huo ni unyenyekevu, na mnyenyekevu anastahili kushukuriwa zaidi." Gari jeupe, maua ya plastiki kwenye boneti, vioo vyeusi, huja kuegesha mlangoni mwa shahidi na kumpeleka Mapumziko. Hakuna aliyewahi kurudi kutoka Mapumziko, na redio ilishaeleza sababu: ni pazuri mno.

*

Aliyewafundisha wanafunzi hao kunadi ni Mwalimu Kidawa Shungu. Jamani, mwalimu huyo alijua kufundisha! Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mkali kwa mvivu na laini kwa mwenye haya, na ujanani aliwahi kuandika gazetini, enzi ambazo magazeti yalikuwa na maandishi. Sasa yana picha.

"Mradi wa habari ni kitanda," aliwaambia. "Una miguu minne. Swali, mahali, shahidi, tarehe. Ukitoa mguu mmoja mtu ataanguka, na atakayeanguka ni wewe."

Mguu alioukazania kuliko yote ni shahidi. Mwanafunzi akithubutu kusema "inasemekana," Kidawa humkata hapo hapo. "Nani kasema? Ana jina? Anakaa wapi? Nikienda leo nitamkuta? Shahidi asiye na jina ni uvumi uliovaa tai." Wanafunzi walicheka, kisha wakaenda kutafuta majina.

Nyuma ya darasa alikaa Bwana Chilumba, Afisa Msikilizaji wa Idara. Alikuwa mpole ajabu, mfukoni ana peremende za kuwagawia vijana. Hakuandika chochote. Alikuwa na masikio makubwa, na kumbukumbu kubwa kuliko masikio.

Mwaka juzi kijana mmoja, Mbaraka, alinadi mradi juu ya daraja la Mto Ngeta lililojengwa kwa mchanga tele na saruji ya kunusa. Shahidi wake Mhandisi Songoro, aliyekataa kulisainia. Mbaraka alimtaja kwa jina, kwa mtaa, na kwa rangi ya mlango. Kapungu alisimama kabisa kumpigia makofi. "Kijana," alisema, "umetufumbua macho. Sasa tunaweza kuyafumba kwa usahihi."

Siku hiyo hiyo Mhandisi Songoro akashukuriwa. Na daraja? Daraja halikutengenezwa. Likaacha tu kuwepo. Ikatoka ramani mpya, mto umesogezwa pembeni kidogo, na watu wa ng'ambo wakaarifiwa kwamba wao ni wa nchi jirani, wakatakiwa kila la heri. Mwalimu Kidawa aliingia darasani anang'aa. "Mnaona?" alisema. "Mnaona nguvu ya mradi uliopangwa vizuri?"

Msimcheke. Mtu akiifanya kazi yake vizuri hupenda kuamini kwamba imezaa kitu.

*

Miezi ikapita. Mchana mmoja mlango wa ofisi yake ukagongwa.

"Hodi."

"Karibu ndani."

Akaingia mama mmoja, amejifunga kanga iliyofuliwa mpaka maua yake yamesahau rangi. Alijitambulisha: Bi. Mwanamkuu, mke wa Mhandisi Songoro. Kidawa akaruka kumpa kiti. Mama akakataa kukaa.

"Mwalimu, sikuja kwa shari."

"Hata sijafikiri hivyo, mama yangu. Mhandisi hajambo huko Mapumziko?"

Bi. Mwanamkuu akakaza fundo la kanga yake. "Nasikia mwanafunzi wako ndiye aliyemtaja."

"Ndiye. Na tunamshukuru sana mzee wetu."

"Naam, ameshashukuriwa. Nilitaka kuuliza jambo moja tu. Kwa kumtaja yeye, yule kijana alipata alama ngapi?"

Kidawa alikuwa mtu wa kujibu swali linavyoulizwa. "Tisini na mbili."

Mama akatikisa kichwa polepole, kama anayeonja mchuzi wa jirani. "Si haba," alisema. "Nyumbani kwangu wapo watu, Mwalimu. Nilikwenda msibani, narudi nakuta familia imekaa barazani inachambua mchele. Wananiambia wameishi pale miaka yote. Wametundika picha ya harusi yao ukutani, kwenye msumari wa mume wangu. Nimekwenda serikali ya mtaa, wananiuliza mume gani. Basi nikasema ngoja niulize, angalau nijue ilikuwa alama nyingi." Akashukuru, akatoka, akaufunga mlango taratibu, asije akasumbua.

Kidawa akabaki amekaa. Aliona aibu, ile aibu nzito inayokufanya usitake hata kuitazama mikono yako. Akawakumbuka mmoja mmoja: yule nesi aliyetajwa na wanafunzi wa mwaka ule, yule karani wa mahakama, yule mwalimu mkuu wa shule isiyo na paa ambayo siku hizi inaitwa uwanja wa wazi. Idara isingewajua watu hao hata kwa ramli. Aliyeifundisha njia ya kuwafikia ni yeye, kwa chaki, mguu kwa mguu. Akalia, na kwa kuwa Shwarini kulia ofisini kunahitaji kibali, alilia akiwa ameinamia droo kana kwamba anatafuta kalamu.

*

Sasa, mwaka huo darasani kulikuwa na binti anaitwa Sikudhani Mrope. Mrefu, maneno machache, akili inakata. Zamu yake ya kujaribu kunadi ilipofika alisimama mbele, hana hata karatasi.

"Mradi wangu unauliza: kwa nini watoto wanalala? Serikali imegawa Unga wa Habari Njema mashuleni. Kila asubuhi watoto wanakunywa uji wa unga huo, na ikifika saa nne darasa zima limelala. Walimu wanafurahi, wanaita nidhamu. Katika Shule ya Msingi Mkwajuni mtoto mmoja, wa darasa la pili, alilala Jumatatu hakuamka tena. Unga uliopikwa siku hiyo upo, umehifadhiwa kwenye kopo la maziwa. Anayeuhifadhi ni mpishi wa shule. Shahidi wangu huyo anaitwa..."

Nyuma ya darasa Bwana Chilumba aliacha kutafuna peremende.

Kidawa akapaliwa. Akakohoa, akaushika ubao, akaangusha chaki, akaivuta projekta na waya wake ikaanguka chini, akakohoa tena mpaka macho yakamtoka. Wanafunzi wakakimbilia maji. Kipindi kikavunjika. Alipokuwa anapigwapigwa mgongoni alimwona Chilumba akiondoka bila haraka, na akajua kwamba mtu yule hana sababu ya kuharakisha. Siku ya tuzo ilikuwa imekaribia, na jukwaani hakuna kukohoa.

Kwani shahidi alikuwa nani? Jioni ile Sikudhani mwenyewe alimwambia kwa fahari, wakiwa koridoni. "Ni mama yangu, Mwalimu. Mama yangu mzazi. Anapika pale Mkwajuni. Hajasoma, lakini anasema lazima mtu aseme, yule mtoto alikuwa akimsaidia kubeba vikombe."

"Usimtaje."

"Lakini si wewe uliyesema shahidi asiye na jina..."

"Najua nilichosema!" Kidawa alijibu kwa ukali, akageuka, kwani Chilumba alikuwa anakuja na mfuko wake wa peremende.

*

Kuzungumza waziwazi Shwarini kunaruhusiwa kikamilifu, ila mahali pa kufanyia ndipo hapajajengwa. Hivyo Mwalimu Kidawa akabuni njia ya kwake. Kipindi kilichofuata aliingia na kuandika ubaoni: NAMNA YA KUNADI VIBAYA.

"Mwalimu?" Chilumba aliuliza kutoka nyuma, kwa upole.

"Ili waujue ubaya na kuuepuka, Bwana Chilumba. Mtu asiyejua uozo atatambuaje harufu?"

Chilumba akakiri kwamba hiyo ni elimu ya juu.

Ikawa vichekesho. Aliwafundisha kusema "wadau." Aliwafundisha kusema "changamoto mbalimbali katika maeneo mbalimbali." Aliwafundisha kuchora mshale unaotoka kwenye duara na kurudi kwenye duara lile lile. Mwanafunzi akitaja mtaa anazomewa, akitaja jina la mtu anatolewa nje. Kijana mmoja alinadi muda mrefu bila kusema kitu chochote kile, wenzake wakambeba juu juu, na mwalimu akampa alama zote. Kila mtu alicheka isipokuwa Sikudhani. Yeye alikaa amekunja mikono, anamtazama mwalimu wake kama mtu anayemtazama sheikh akitoka baa.

Baada ya kipindi alimfuata nje. Mtunza bustani alikuwa anakata majani kwa ile mashine ya kubeba begani, inayonguruma mpaka meno yanauma. Kidawa akamshika binti mkono, akamvuta mpaka karibu kabisa na kelele.

"Unaogopa kupoteza kazi yako," Sikudhani alisema. Alikuwa na hasira. "Sikutegemea, Mwalimu. Wewe!"

"Nisikilize, mwanangu. Kila shahidi aliyetajwa pale ametoweka. Kila mmoja. Mke wa Songoro alikuja ofisini kwangu. Hakuna Mapumziko, au ikiwa yapo, si ya kupumzika kama wewe na mimi tunavyopumzika. Nimewafundisha nyinyi kuionyesha Idara njia. Ukimtaja mama yako kesho kutwa, jioni hutamkuta."

Mashine ikasogea, nao wakasogea nayo.

"Basi nijitoe kwenye tuzo," alisema hatimaye.

"Aliyejitoa mwaka jana alitembelewa nyumbani ili asaidiwe kukumbuka. Chilumba alikusikia. Anajua yupo mpishi, hajui yupi, na pale Mkwajuni wapishi ni watatu. Ukinyamaza watawashukuru wote watatu. Sikia. Nitaje mimi. Sema kopo la unga ninalo mimi, habari yote nimekupa mimi. Mama yako alitupe hilo kopo leo."

"Siwezi, Mwalimu."

"Utaweza."

"Siwezi kukutaja wewe! Kuna tofauti gani?"

"Tofauti ni kwamba mimi nimekuomba," Kidawa alisema. Sikudhani akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Akasema atafikiri. Mtunza bustani akazima mashine ajipanguse jasho, na wawili hao wakaanza papo hapo kuusifia ukijani wa majani.

*

Siku ya tuzo ukumbi ulipambwa ukapambika. Wazazi walialikwa, maana Idara ilipenda makofi ya watu wazima. Redio ya taifa ilikuwa inatangaza moja kwa moja. Jukwaani walikaa wanajopo, katikati yao Mheshimiwa Kapungu, nyuma yake picha yake kubwa, na kulia kwake makamu wake, Bi. Staha Mbonde, mwanamke wa tabasamu dogo aliyekuwa amekitazama kiti cha katikati kwa miaka mingi bila kupepesa. Nje ya mlango wa pembeni, injini inanguruma taratibu, lilikuwa limeegeshwa Gari la Shukrani.

Mwalimu Kidawa alivaa viatu imara. Asubuhi alimwagilia maua yake na kumpa jirani ufunguo. Alikuwa anaogopa, tusifiche. Alipoingia alimwona mama mmoja safu ya pili, amevaa gauni jipya la kitenge ambalo bado lina mikunjo ya dukani, anampungia mkono. Ndiye Mama Siku, mama yake Sikudhani. Hakuna aliyemwambia mama yule asije.

Mheshimiwa Kapungu akafungua kwa hotuba. "Ndugu wananchi, mataifa mengine husubiri moshi ndipo yatafute moto. Sisi Shwarini tumeendelea. Sisi humtafuta aliyeuona moshi!" Makofi. "Shahidi ni tunu. Na tunu haiachwi ovyo ovyo barabarani!" Makofi zaidi.

Vijana wakanadi. Walinadi vibaya kwa ustadi mkubwa. Wadau walitajwa, changamoto zikatajwa, mishale ikazunguka maduara. Kapungu akaanza kupiga miayo. Akaitwa Sikudhani Mrope.

Alinadi vizuri. Kidawa, pamoja na hofu yake yote, hakuweza kujizuia kuona fahari. Binti alieleza swali, akaeleza mahali, akaeleza juu ya mtoto aliyebeba vikombe, na ukumbini mtu mmoja akaguna kwa uchungu, kisha akajifanya anasafisha koo. Kapungu alikuwa ameinama mbele, macho yanawaka.

"Safi sana, binti. Safi mno. Sasa tuambie. Shahidi wako nani?"

Kidawa akajishika kwenye kiti, tayari.

"Shahidi wangu," alisema Sikudhani, "ni wewe, Mheshimiwa."

Kapungu akageuka nyuma, akakutana na picha yake.

"Kila gunia la unga huo lina picha yako, umetabasamu, na maneno chini yake: Nimeukagua Mwenyewe. Hakuna mtu mwingine nchi nzima aliyethibitisha kwamba anaujua unga huu. Jina la shahidi wangu ni Mheshimiwa Lukindo Kapungu, na anakaa kwenye kiti cha katikati."

Kapungu akacheka. Alicheka peke yake, kwa muda unaotia aibu. "Huyu mtoto ana utani. Mimi sijui lolote kuhusu unga."

"Unyenyekevu," alisema Bi. Staha Mbonde ndani ya kipaza sauti, polepole, ili redio iupate. "Kanuni iko wazi, Mheshimiwa. Uliiandika mwenyewe, na taifa linasikiliza."

"Staha! Ala! Unajua vizuri ile picha ni ya picha tu..."

Lakini Bwana Chilumba alikuwa ameshapanda jukwaani, mpole kama kawaida, na vijana wawili wa Idara nyuma yake. Mkuki kwa nguruwe! Mheshimiwa alishukuriwa kwa makwapa yote mawili. Alipita mlango wa pembeni akiwa bado anaelezea tofauti kati ya kukagua na kupigwa picha unakagua. Ukumbi, ambao haukuwa na maelekezo kuhusu hali ya namna hii, ukapiga makofi.

Na Kidawa alipiga makofi pia. Furaha ilimjaa ghafla, furaha ya mtu aliyepona, mpaka akajionea haya. Ataenda nyumbani! Atadai ufunguo wake kwa jirani! Akamtazama mwanafunzi wake pale jukwaani akasema moyoni, lo, mtoto huyu amenishinda.

Bi. Staha akahamia kiti cha katikati. Hakuwa na papara. Akakivuta mbele kidogo, akalipanga gauni lake.

"Wananchi," alisema, "tumeguswa. Idara imechukua hatua hapo hapo. Natangaza kwamba kuanzia kesho magunia yote ya unga yatabadilishwa picha." Makofi. "Binti yetu Sikudhani anapata alama mia, na cheti chake hiki hapa. Bado kitu kimoja kidogo tu, kwa ajili ya ukamilifu." Tabasamu lake likabaki pale pale. "Mheshimiwa ni shahidi wa gunia. Lakini la kopo, binti? Unga uliopikwa siku ile, uliosema darasani kwamba umehifadhiwa kwenye kopo la maziwa? Bwana Chilumba ana kumbukumbu nzuri. Nani alikuonyesha?"

Sikudhani akafungua mdomo. Binti alikuwa ameupanga mradi wake mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa umepita. Macho yake, bila yeye kupenda, yalikimbilia safu ya pili.

Na pale safu ya pili Mama Siku alikuwa ameanza kujiinua. Aliweka pochi yake kwenye kiti, akashika mgongo wa kiti cha mbele, kwa kuwa alikuwa mwanamke mkweli ambaye mwanawe ameulizwa swali na amekwama, naye jibu analo.

Kidawa akasimama kwanza. Alisimama kwa nguvu hata kiti chake kikaanguka, na ukumbi mzima ukageuka.

"Ni mimi," alisema. "Kopo ni langu. Nilimwonyesha mimi, na habari ya mpishi nilimtungia mimi. Keti, mama," akamwambia Mama Siku kwa ile sauti ya darasani, "unawazuia wa nyuma wasione. Keti chini!"

Mama Siku, aliyeheshimu walimu maisha yake yote, akaketi.

"Mwalimu Kidawa Shungu," alisema Bi. Staha, na kwa mara ya kwanza tabasamu lake likapanuka. "Taifa linakushukuru."

Sikudhani pale juu alikuwa analia bila sauti, mikono imebana cheti kikakunjana. Kidawa alipopita mbele ya jukwaa hakumtazama. Alitamani sana kumtazama. Alijua akifanya hivyo binti atasema kitu, na alikuwa amemfundisha vizuri mno.

*

Ndani ya gari kulikuwa na baridi ya kiyoyozi. Mheshimiwa Kapungu alikuwa ameketi pembeni, tai imelegea, kiatu kimoja kimemtoka. Akasogea kumpisha. Mlango ukafungwa na gari likaondoka, maua ya plastiki yakitikisika mbele.

"Mwalimu," aliita Kapungu. Ile sauti ya jukwaani haikuwepo tena.

"Naam, Mheshimiwa."

"Tunapelekwa wapi?"

Kidawa akamgeukia, akadhani anatania. Mtu yule hakuwa anatania.

"Si Mapumziko? Wewe si ndiye..."

"Jina nilibuni mimi," alisema Kapungu. "Jina, na haya maua. Mahali penyewe sikuwahi kuuliza. Waliondoka wangapi, mama yangu, na mimi sikuuliza hata siku moja." Akajifunika uso kwa viganja, akaanza kulia kwa kwikwi kubwa kubwa kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Kidawa hakumbembeleza. Akaliegemea lile dirisha jeusi, akapangusa mvuke kwa ncha ya mtandio wake, akasogeza uso karibu kabisa na kioo. Kutoka ndani, nje palionekana kidogo. Akaanza kuikariri njia: kituo cha mafuta, kiwanda cha sabuni, kanisa lenye kengele mbili, mkono wa kushoto, mnara wa simu, mkono wa kushoto tena. Kisha lami ikaisha.